Jani Lililojikunja kwa Mama Mwenda

Siku hizi mnanijia hapa mtaani Majimbo na simu mkononi. Mnanionyesha picha ya jani la nyanya, jani moja tu, tena na kidole cha mpiga picha kimeingia ndani, halafu mnataka jibu kabla simu haijazima. Mzee, hii ni nini, tunyunyizie nini? Nikianza kuwauliza maswali mnaona naringa. Siringi, watoto wangu. Naogopa. Niliwahi kujibu haraka hivyo siku moja, nikiwa mkaguzi wa kikundi cha wakulima, na jibu langu likamtoa mama wa watu kikundini bila kosa lolote. Kabla sijaja kuishi kwa binti yangu hapa Embu nililima nyanya miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hilo ndilo jambo ninalolikumbuka zaidi.

Shamba langu lilikuwa Mitunguu, kule chini kwenye joto la Meru, ambako maji ya mfereji hushuka kutoka juu na migomba inanawiri hata ukiisahau. Kipande kidogo tu. Nyanya zangu hazikujua dawa ya dukani. Majirani walinicheka sana mwanzoni, na haki ya nani walikuwa na sababu, kwa maana msimu wa kwanza nilimwaga mbolea mbichi ya kuku shamba zima nikidhani nawafanyia miche wema. Miche ikapanda! Ilinipita urefu. Majani meusi ti, mashina manene, na nyanya hakuna. Mke wangu, Mama Makena, alikuwa akipita hapo na ndoo ananiuliza kama tutavuna mbao. Ndipo nilipojifunza kungoja mboji iive, mpaka ukitia mkono ndani haikuchomi na ukiinusa inanukia udongo tu.

Aliyenifunza nyanya hasa hakuwahi kushika jembe. Alikuwa Bi Zainabu, mwenye duka la mboga mjini Meru, si mbali na msikiti. Ndiye aliyekuwa akinunua mzigo wa kikundi chetu chote. Wanunuzi wengine hutazama nyanya usoni, wakaona ni nyekundu wakaridhika. Yeye aliipindua akatazama kitako. Siku moja alinirudishia kreti nzima yenye vitako vyeusi, nikaanza kulalamika kuhusu wadudu. Akaniuliza swali moja tu: namwagilia maji siku gani? Nikamwambia ukweli, kwamba nafungulia maji mengi leo, halafu nasahau hata siku nne. Akaniambia basi hao si wadudu, mdudu ni mimi mwenyewe. Nyanya inataka maji kidogo kidogo na kwa mpango, ikishtuliwa inaoza kitako. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikajaribu, na vitako vikapona. Tangu hapo kila nikipeleka mzigo nilikaa kwenye kigoda chake nimsikilize.

Kikundi chetu kilikuwa cha wakulima kumi na wawili, wote wa nyanya zisizo na sumu. Hatukuwa na uwezo wa kuita wataalamu wa nje waje kutuhakikisha, kwa hivyo tulikaguana wenyewe. Tulichagua mkaguzi, akazunguka mashamba yote na daftari, na aliyepita alipewa stika ya kijani ya kubandika kwenye kreti. Bila stika Bi Zainabu hanunui. Na sheria yetu ilikuwa kali: ukipatikana umenyunyizia sumu, unatoka misimu miwili. Sheria hiyo niliiandika mimi. Mkaguzi pia nilikuwa mimi.

Nilichaguliwa kwa sababu ya vidole vyangu. Mnajua vile vichipukizi vinavyoota kwapani mwa nyanya, kati ya shina na tawi? Usipovitoa mti unakuwa kichaka. Wengi huvikata kwa kisu, na kisu kinaacha kidonda. Mimi nilivivunja kwa vidole, vikiwa bado vidogo, umande umeshakauka: unasukuma upande mmoja, kinatoka tak, kidonda ni kama tundu la sindano. Nilikuwa mwepesi hata watu wakija kuona tu. Na ilikuwa imenigeuka ugonjwa, sikuweza kupita mche wa nyanya bila kuuvunja kichipukizi, uwe wangu au wa mtu. Nikikagua shamba, ninapanda mstari naongea huku navunja, mwenye shamba anafuata nyuma anajifunza. Walipenda. Walisema ukaguzi wangu ni nusu ya kazi ya kupogoa.

Nikimaliza mstari mmoja nilirudi langoni, nikatoa kikopo mfukoni, nikavuta ugoro, kisha nikaruka mstari mmoja nikaanza mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Tumbaku yenyewe niliipanda nyuma ya zizi, mashina sita hivi, nikakausha na kusaga mwenyewe. Hakuna aliyeona vibaya. Tumbaku haitoki dukani, inaota ardhini, na mara nyingine niliiloweka nikanyunyizia vidukari, nikajisifu kwamba dawa yangu imetoka nyuma ya zizi.

Sasa Mama Mwenda. Alikuwa mama mpole, wa maneno machache, shamba lake karibu na mfereji. Nyanya zake ndizo zilikuwa zikimweka mwanawe Mwenda katika chuo cha ufundi, kila mtu alilijua hilo. Nilimkagua mara mbili msimu ule. Mara ya kwanza shamba lilikuwa safi kabisa, nikapita nikamwonyesha vichipukizi, nikamsifu. Mara ya pili, wiki chache baadaye, nilisimama mstari wa kwanza nikashangaa. Majani ya juu yalikuwa yamejikunja, yamekuwa membamba kama kamba ya kiatu, mengine yana mabaka ya kijani hafifu na kijani kilichoiva.

Nililitambua hilo jani, au nilidhani nimelitambua. Miaka ya nyuma niliwahi kuona nyanya za mtu aliyetumia bomba moja la kunyunyizia kwa dawa ya kuua magugu na kwa mimea, na majani yalijikunja hivyo hivyo. Nikageuka nikaona bomba limeegemea ukuta wa jiko la Mama Mwenda. Nikaona na kando ya mfereji magugu yamekauka. Basi nikajumlisha. Alisema bomba ni la maji ya pilipili na sabuni, na magugu aliyafyeka kwa panga. Sikwenda hata kutazama kama yamefyekwa au yamechomwa na dawa. Hatua kumi tu, na sikwenda. Niliandika kwenye daftari kwamba amenyunyizia.

Kwenye mkutano alisimama akasema jambo moja. "Baba Makena, umeliuliza jani. Mimi hukuniuliza."

Watu walicheka kidogo, na mimi nikacheka nao. Akatolewa misimu miwili. Stika zilizobaki kwake zilichukuliwa. Nyanya zake akaanza kuziuza kando ya barabara, kwa yeyote anayesimama, na akina mama wa kanisani wakawa wakizipita wakinong'ona kwamba huyo ndiye aliyekuwa akilisha watu sumu. Mwenda alirudi nyumbani kabla hajamaliza mwaka. Mimi nililiona hilo nikasema moyoni, sheria ni sheria.

Haukupita muda, jani lile likatokea kwa mwenyekiti wetu. Kisha kwa mwingine, na mwingine. Watu wakasema ni upepo, dawa ya Mama Mwenda inapeperuka. Wakazidi kumchukia. Nami niliwaacha waseme, lakini kitu kilianza kuniwasha kichwani, kwa maana mimi ni mtu wa kuuliza hata nikiwa mjinga. Upepo wa Mitunguu tunaujua unavyovuma. Kama ni upepo, wa kwanza kuumia angekuwa jirani wa Mama Mwenda aliye upande unakoelekea upepo, ambaye hata si wa kikundi. Nilienda kuchungulia kwake juu ya ua. Yule bwana hunyunyizia kila kitu kinachouzwa kwenye chupa, na nyanya zake hazikuwa na jani hata moja lililojikunja.

Tena nilitazama namna ugonjwa ulivyotembea ndani ya shamba la mwenyekiti. Ulianzia mche wa kwanza karibu na lango, ukapanda na mstari, mche baada ya mche, haukuruka hata mmoja, halafu ukaishia katikati. Mstari wa pili, safi. Wa tatu, umeanza tena langoni. Nilikaa kwenye tuta nikajiuliza, upepo gani huu unaofuata mstari? Upepo hauna miguu. Nikafikiria panya, nikafikiria fuko, nikafikiria maji ya mfereji. Nilichimba hata mizizi minne nikaipasua kwa wembe. Ilikuwa myeupe, mizuri, haina shida.

Jibu lilianzia kwenye kigoda cha Bi Zainabu. Nyanya zenye ugonjwa huo huiva na madoa ya njano, na yeye alikuwa ameyaona. Alikuwa na kawaida ya kukumbuka kreti mbovu zimetoka kwa nani na wiki gani. Aliniambia, ya kwanza kwa mwenyekiti, kisha kwa fulani, kisha kwa fulani. Nikatoa daftari langu la ukaguzi ili nimwonyeshe siku nilizowakagua watu hao. Akalishika, akasoma taratibu, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Kisha akanitazama.

"Baba Makena," akasema, "ugonjwa huu unafuata daftari lako."

Ilikuwa kweli. Mama Mwenda wa kwanza, mwenyekiti wa pili, na kuendelea, kwa mpangilio ule ule niliowatembelea. Nilirudi Mitunguu. Nilianza na viatu. Nilisugua gamubuti zangu kwa majivu na sabuni mpaka Mama Makena akauliza kama naenda kuoa. Nikakagua shamba moja na viatu visafi, na baada ya wiki mbili jani likajikunja hapo pia.

Asubuhi moja nilienda nyuma ya zizi kuchuma tumbaku. Nimelichuma jani hilo miaka mingi. Siku hiyo nikaliinua juani kabla ya kulikunja, na sijui kwa nini. Lilikuwa na mabaka, kijani hafifu, kijani kilichoiva. Nikatazama shina jingine. Mabaka. Kileleni majani yamejikunja. Watoto wangu, nilikuwa nikiyaona mabaka hayo kila wiki nikidhani ndivyo tumbaku ilivyoumbwa! Nilikaa juu ya jiwe, kikopo cha ugoro mkononi, nikatazama vidole vyangu viwili, hivi hivi ninavyovunjia vichipukizi, vinavyoanza langoni na ugoro na kufika katikati ya mstari vimeshajipangusa.

Lakini nilikuwa nimeshakosea mara moja kwa kujumlisha haraka, sikutaka kukosea tena. Nilikata mitungi ya mafuta ya kupikia, nikapanda miche sita ya nyanya, udongo mmoja, maji ya aina moja. Mitatu niliivunja vichipukizi mwenyewe baada ya kuvuta ugoro. Mitatu nilimwomba Mama Makena aivunje, yeye hajawahi kuushika ugoro, harufu yenyewe humfukuza. Aliniuliza kama nimerudi chuo. Tukaiweka pande mbili za nyumba. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kutoka, sijanawa uso, kuchungulia. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Karibu na mwisho wa wiki ya pili mche wangu mmoja ukaanza kupata mabaka, kisha mwingine, kisha wa tatu. Ya Mama Makena ilikuwa inang'aa tu.

Nisiwadanganye. Kitu cha kwanza nilichosikia ni furaha. Nimeshika! Nilimwita mke wangu kwa sauti kubwa, nikamwonyesha, nikamweleza kwamba tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja ndiyo maana zinaambukizana, nikaruka ruka pale uani na umri wangu ule. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akauliza, "Na Mama Mwenda?"

Nikaacha kuruka.

Na hapa niwaambie jambo la aibu. Nilikaa siku kumi bila kusema. Niling'oa tumbaku yote nikaichoma, pamoja na miche yangu mwenyewe iliyokuwa imeanza kujikunja. Nikaenda kwa afisa wa kilimo, binti mdogo lakini mwenye kichwa, nikamweleza kama kwamba ni habari ya rafiki yangu. Alinithibitishia. Ugonjwa huo hauna dawa, mche ukishapata unang'olewa na kuchomwa, na usiende ukaurundika kwenye mboji. Hukaa hata ndani ya tumbaku iliyosagwa, ukashika kidole, kidole kikashika kidonda kibichi cha mche, basi. Unawe kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya, na ukivunja vichipukizi uchovye vidole kwenye maziwa kila baada ya mche. Ndiyo, maziwa. Nilimwuliza kwa nini maziwa, akanieleza kwamba huzuia ule ugonjwa usishike, nikauliza tena, akasema rafiki yangu ana maswali mengi.

Kwa hivyo ningeweza kunyamaza. Tumbaku haipo, mikono nimenawa, ugonjwa ungeisha polepole na upepo ungebeba lawama. Na Mama Mwenda alibakiza msimu mmoja tu, nilijiambia, msimu mmoja si mrefu. Nilijiambia hivyo mpaka siku niliyopita barabarani nikaona Mwenda akipanga nyanya za mama yake kwenye gunia, kijana aliyepaswa kuwa darasani, akanisalimia kwa heshima, shikamoo mzee.

Nikamwomba mwenyekiti aitishe mkutano, na Mama Mwenda aitwe. Tulikutania kwenye kibanda chetu cha kupangia kreti, mchana. Nilileta ile miche sita. Nikasimama nikaeleza yote, ugoro, vidole, daftari, siku kumi za kunyamaza, na yale magugu ambayo sikwenda kuyatazama. Nilisema dawa ya magugu haikuwahi kuwepo kwa Mama Mwenda. Ugonjwa niliupeleka mimi, siku ile ya kwanza nilipokuwa nikimsifu, kisha nikarudi nikamhukumu kwa ugonjwa huo huo. Mtu mmoja aliishika miche akaigeuza geuza.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda amani, akaona aharakishe mambo. Akasema haya ni ya dunia, hakuna aliyekusudia, na mzee amejieleza kiume. Akamgeukia Mama Mwenda aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuwa amekubali kuketi, akamwambia kwamba kuanzia leo kikundi kimemsamehe, arudi tu, yaishe.

Watu wakapiga makofi, na Mama Mwenda akangoja yaishe.

"Mimi sina kosa la kusamehewa," akasema. "Mwenye kosa ni huyu. Msameheni yeye."

Nilitazama chini, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata katika kumrudisha tulikuwa tunamrudisha kama mkosaji. Yeye akaingia, akapita katikati ya watu, akaja hadi niliposimama, akanyoosha mkono. Nilidhani ni salamu. Kumbe anataka daftari la ukaguzi. Nikampa.

Akalifungua ukurasa mpya, akaomba kalamu kwa mwenyekiti, na hakuna aliyethubutu kumwuliza nani amemchagua. Akaandika jina langu juu. Akataka kujua shamba langu lilikaguliwa mara ya mwisho lini, na na nani. Nikamwambia ukweli, kwamba halijawahi, kwa sababu mkaguzi nilikuwa mimi. Akauliza aje lini. Nikasema hata kesho asubuhi, nipate kwanza kufagia fagia.

"Kesho ni mbali," akasema. "Twende sasa hivi."

Tukatoka wote, kikundi kizima, kwenye jua lile la Mitunguu. Nilitangulia kuwaonyesha njia ya shamba langu, ingawa wote waliijua.